Muuzaji Anayetaja Kasoro Kwanza

Kazi yangu ni kutunga shanga. Niko hapa Bombo, Uganda, na wanaonijua wananijua kwa mikufu ya harusi: harusi zetu Wanubi, kwanjula za Waganda, yaani sherehe za utambulisho, na ile ya mashangazi ambao ni lazima wang'ae kumshinda bibi harusi mwenyewe. Shanga za kioo nazichukua Kikuubo, soko la Kampala, kwa bei ya jumla. Lakini mara moja moja huja mteja akasema, "Dada, usiniletee kioo. Mimi nataka lulu yenyewe, ya chaza." Huyo ndiye anayenipeleka kwenye minada ya mtandaoni.

Watu hushangaa. Unamtumiaje dola mtu usiyemjua, kwa kitu usichokishika? Lulu utaijuaje kwa simu? Kwa kweli picha ya lulu siitegemei sana. Kioo kilichopakwa vizuri, kikiwekewa taa, kinaweza kuonekana kizuri kuliko lulu ya Japani. Ninachosoma ni maneno ya muuzaji, na hasa yale anayoyaepuka.

Ili uyasome maneno hayo, ujue kwanza sokoni kuna nini. Karibu lulu zote zinazouzwa siku hizi ni za kufugwa, yaani mtu ndiye anayemwanzishia chaza kazi ya kuitengeneza. Mjapani Kokichi Mikimoto alifanikiwa kumfanya chaza atoe lulu nusu duara mwaka 1893, na baada ya hapo biashara yote ikageuka. Leo sehemu kubwa ya lulu duniani hutoka kwenye mabwawa ya maji baridi, yasiyo na chumvi, huko China, na mji wa Zhuji ndio kitovu chake. Akoya ya Japani huwa ndogo, mara nyingi haizidi milimita 9. Nyeusi ya Tahiti na ile kubwa ya Australia, Indonesia au Ufilipino zina bei nyingine kabisa. Zote hizo ni lulu halali, ingawa ni za kufugwa. Lulu iliyojitengeneza yenyewe baharini ni adimu, na kuithibitisha kunahitaji maabara yenye eksirei. Kwa hiyo mtu akikuuzia mkufu mzima wa "lulu asilia za baharini" kwa dola 40, usihangaike kuuliza lolote. Pita.

Halafu kuna herufi A. Utaona lulu za AAA, kesho za AAAA, na mimi nimewahi kuona mtu amepanga A saba kama gwaride la wanajeshi wa hapa kambini Bombo. Hakuna chombo cha dunia nzima kinachogawa herufi hizo. Kila muuzaji hujigawia. Wataalamu wa GIA, taasisi ya vito kule Marekani, hutaja ukubwa, umbo, rangi, mng'ao, uso, unene wa tabaka na jinsi punje zinavyolingana. Muuzaji anayeeleza mambo hayo kwa maneno ya kawaida namsikiliza. Anayenipa herufi tupu, namwachia herufi zake.

Sasa tuje kwa wauzaji wenyewe, maana hapo ndipo penye kazi.

Ninayemwogopa zaidi ni yule anayejifanya hajui. "Mkufu huu nimeukuta kwenye droo ya marehemu bibi yangu, mimi sijui lolote kuhusu lulu, nauza kama ulivyo." Maneno matamu! Mnunuzi anadhani ameokota dodo chini ya mpera: bibi alikuwa tajiri, mjukuu hajui, basi mimi ndiye mjanja. Wapo wajukuu wa kweli, sikatai, na kwa mmoja wao nilipata akoya za zamani ambazo mpaka leo mteja wangu anazivaa Idi. Lakini kabla ya kumwamini mjukuu, fungua ukurasa wake uone anauza nini kingine. Ukikuta mikufu mingine mia mbili, yote ya bibi, huyo bibi alikuwa na shingo ngapi? Na asiyejua lulu angejuaje kupiga picha ya kifungo cha dhahabu kwa karibu kabisa, halafu asionyeshe tundu la uzi hata mara moja?

Tundu la uzi ndilo swali langu la kwanza kwa kila muuzaji. Nipigie picha punje mbili karibu na kifungo, mchana, bila taa. Lulu bandia hubanduka rangi pale tunduni, unaona ngozi imechanika na chini yake kuna kioo au plastiki. Lulu iliyotiwa rangi hukusanya rangi pembeni mwa tundu. Nyeusi za Tahiti hazifanani punje kwa punje: moja ina ukijani, nyingine ukijivu, nyingine inaelekea zambarau. Ukiona mkufu mzima una weusi mmoja kama umechovywa kwenye ndoo moja, basi inawezekana sana umechovywa kweli.

Swali la pili ni uzito. Mkufu wa kawaida wa punje za milimita 7, wa kufika shingoni tu, unakaribia gramu 25 hadi 30. Plastiki utaijua hapo hapo. Kioo hakitajulikana, uzito wake unakaribiana na wa lulu, ndiyo maana siachi swali la tundu.

Lakini jibu lenyewe si kila kitu. Natazama pia namna ya kujibu. Mwaminifu hujibu alichoulizwa, na mara nyingi huongeza jambo linalomharibia biashara: punje ya nne ina shimo dogo, uzi umechoka, utahitaji kutungwa upya. Tapeli hujibu kwa sifa. Unamuuliza tundu, anakwambia "ubora wa juu, rafiki yangu, utaupenda." Inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa na Pierre Omidyar, mwaka 1995 alipoanzisha tovuti iliyokuja kuitwa eBay, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyovunjika, naye akamuuliza mnunuzi kama ameelewa kuwa ni mbovu. Mimi natafuta wauzaji wa namna hiyo.

Nyota za wanunuzi nazo zisomwe kwa hesabu. Asilimia 99 inapendeza, lakini kwa aliyepata maoni 10,000 maana yake watu 100 walikasirika. Mimi huwaendea hao 100 moja kwa moja. Mzigo ukichelewa, si neno. "Si lulu" ikijirudia, nafunga. Naangalia pia sifa zake alizipata kwa kuuza nini, maana kuna anayejikusanyia nyota kwa vifuniko vya simu, kisha ghafla analeta lulu za dola 600.

Sisi wa Uganda tuna mtego wetu. Wauzaji wengi hawatumi Afrika, nami siwalaumu, ni woga wao. Ndipo watu hutumia anwani ya wakala wa mizigo London au Marekani. Jua kwamba ulinzi wa mnunuzi, ule wa kurudishiwa pesa ukitapeliwa, kwa kawaida huishia pale mzigo ulipofikishwa kwanza. Wakala akishaupokea na kuusafirisha, ukifungua Kampala ukakuta kioo, dai lako halina miguu. Ndiyo maana napendelea anayetuma moja kwa moja kwenye sanduku langu la posta, hata kama gharama inazidi.

Na akitokea anayesema, "Nitaandika ni zawadi ya dola 10 ili usitozwe ushuru," mimi humshukuru na kuondoka. VAT yetu ni asilimia 18, inauma, naijua. Ila mzigo wa dola 10 ukipotea njiani, fidia yake ni dola 10. Na anayeidanganya URA, mamlaka yetu ya mapato, kwa ajili yangu leo, mimi ninamdai nini kesho?

Wapiga debe wapo pia, wale wanaoweka dau kwa niaba ya muuzaji ili bei ipande. Dawa yao ni moja: amua bei yako ya mwisho ukiwa umetulia, iweke, uondoke.

Sasa hivi nafuatilia mkufu wa Tahiti wa mama mmoja wa California. Nilimwandikia kuhusu tundu la uzi. Akaniletea picha sita, na akanionyesha punje mbili zenye mikwaruzo ambazo kwenye tangazo lake hazikuonekana vizuri. Akasema atarekebisha tangazo, na kweli amelirekebisha. Nadhani amejipunguzia wanunuzi. Mnada unafungwa Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi kwa saa zetu. Dau langu nimeshaweka na siongezi hata senti. Shangazi wa bibi harusi ananipigia simu kila jioni, nami namjibu vile vile: "Senga, usimwambie mtoto chochote bado."