Siku moja na mabeseni yangu ya mimea ya majini, Mwanza

Saa 12 asubuhi. Kabla ya chai napita na tochi barazani, kwenye mabeseni ya mimea ninayouza. Alfajiri ndiyo saa ya kuwatazama gapi, samaki wadogo ninaowafuga humo, kwa sababu usiku kucha mimea nayo imevuta oksijeni pamoja nao. Wakiwa wamejazana juu wanatweta, beseni lina samaki wengi mno au majani yanaoza humo. Leo wametulia. Nakinga maji ya bomba kwenye ndoo na kuyaacha wazi hadi kesho, klorini itoke. Ipo dawa ya dukani, ila ndoo haiombi hela.

Saa 2. Kazi ya mkasi. Ceratophyllum haina mizizi kabisa: unakata ncha, unaitupia majini, inaendelea kukua. Ndiyo ninayompa kila anayeanza, kwani inafyonza haraka amonia ya kinyesi cha samaki. Vallisneria, yale majani marefu kama utepe, hutambaza shina chini ya mchanga na kutoa mche pembeni. Nautenga mche ukishapata mizizi yake.

Mabaki yote naanika juani hadi yakauke, kisha nayazika shambani. Hakuna hata kipande kinachokwenda mtaroni, maana mitaro yetu inaishia ziwani. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, likasambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wa Ziwa Victoria wanahangaika nalo. Anayefuga mimea ya majini katika mji huu ana deni hapo.

Watu huniuliza kwa nini nisichume tu ziwani, bure. Sichumi. Mimea ya kando ya ziwa huja na konokono, na baadhi ya konokono hao ndio wanaobeba vimelea vya kichocho. Tangi unaingiza mikono kila siku, na watoto pia wanaingiza yao. Mche mmoja safi wa kununua utakuzalia mingine.

Saa 5. Naandaa beseni jipya. Udongo wa bustani usiotiwa samadi, nimeuchekecha kuondoa mizizi na takataka, sentimita mbili au tatu. Juu yake mchanga uliooshwa hadi maji yatoke meupe, kina hichohicho, ili udongo usitibuke. Maji namiminia juu ya sahani, taratibu. Mbolea ya chupa sijaihitaji.

Saa 8 mchana. Mteja anafuga samaki wa Ziwa Tanganyika na wanamng'olea kila kitu. Nampa Anubias, mmea wa Afrika Magharibi na Kati wenye majani magumu, na kuufunga kwa uzi juu ya jiwe mbele yake. Lile shina nene likifukiwa linaoza, hivyo namrudia maneno hayo mara mbili. Namwambia pia majani ya zamani yakinyauka wiki za mwanzo asiung'oe. Mmea unabadilisha majani ili uzoee maji mapya.

Saa 10 jioni. Vipovu vinapanda kutoka kwenye majani ya Vallisneria. Ni oksijeni ya mchana kutwa. Hapa huwa nakaa kidogo bila kufanya lolote.

Saa 2 usiku. Najibu ujumbe. Karibu wote wanalalamikia nyuzi za kijani kwenye vioo na wanataka jina la dawa. Nawauliza taa inawaka muda gani. Wengine wanaiacha tangu asubuhi hadi wanapolala, tena tangi liko dirishani! Mwanga ukizidi na mimea ikiwa michache, virutubisho vinavyobaki huliwa na huo ukijani. Balbu ya kawaida ya LED nyeupe, iliyoandikwa 6500K (kipimo cha rangi ya mwanga) kwenye boksi, inatosha tangi dogo. Kwa hiyo wa mwisho namwandikia: sogeza tangi mbali na dirisha, taa iwake kwa muda wa saa saba tu kwa siku, ongeza mafungu mawili ya Ceratophyllum, na baada ya wiki mbili nitumie picha kabla hujanunua dawa yoyote.