Kidoti porini

Wiki iliyopita, hapa Dodoma, nilimchukua mama mmoja Mtumba, anakwenda Nala. Nikaona foleni za mjini za nini, nikashika barabara ya mzunguko wa nje kupitia Veyula. Lami bado nyeusi, gari linateleza tu. Mama kakaa mbele, macho kwenye simu yangu niliyoibandika pale kwenye dashibodi.

"Baba, mbona humu tunaonekana tupo porini?"

Kweli bwana. Kidoti cha bluu kinakata pori, hakuna hata njia ya ng'ombe, na yule dada wa ndani ya simu anang'ang'ania nigeuze gari.

Nikamwambia setilaiti hazijakosea, mama, kilicholala ni ramani. Simu inapokea mawimbi ya GPS kutoka setilaiti zilizo kama kilomita 20,200 juu, inahitaji angalau nne, na kwenye uwazi kama huu inakosea mita tano hivi. Zamani Wamarekani, wenye GPS yao, walikuwa wanayachafua mawimbi hayo makusudi, raia wanakosea mpaka mita 100. Waliacha Mei 2000.

Porini mita tano si kitu. Mjini ndiyo balaa. Penye barabara kuu na kibarabara cha pembeni, programu inakuvuta kwenye ile inayodhani upo. Mteja anatuma lokesheni, nafika, nasimama ng'ambo ya mtaro, tunabaki tunatazamana. Siku hizi napiga kwanza: uko upande wa duka au wa mtaro?

Kuna rubani wa ndege ndogo huwa namchukua uwanjani. Nilimuuliza, nyie huko juu mnaiaminije hii? Akacheka. Akasema kosa la kimo ni kubwa kuliko la pembeni, kwa kuwa setilaiti zote ziko juu yako, chini hakuna hata moja. Kwa hiyo kimo anasoma kwenye altimita, inayopima mgandamizo wa hewa. Halafu kifaa chake hakitosheki na setilaiti nne. Kinataka ya tano, ili kijue kama kati yao kuna inayodanganya. Hiyo ya tano niliipenda sana.

Tulipokaribia Nala, kidoti kikaruka chenyewe kikarudi kwenye lami ya Singida. Mama akakiangalia, akafungua pochi.

"Haya, sasa nimefika. Shilingi ngapi?"