Tulivyopunguza maumivu ya tiba ya mwanga kwenye paji la uso

Krimu ya MAL ya 16% (dawa ambayo seli za ngozi huigeuza kuwa protopofirini, kemikali inayoamshwa na mwanga) hupakwa na kufunikwa kwa saa 3, kisha huwashwa taa nyekundu ya nanomita 630 hivi. Maumivu hupanda dakika za mwanzo, mwanga unapoamsha protopofirini iliyojaa kwenye seli. Krimu za ganzi hazifui dafu. Feni na maji baridi hupoza kidogo tu. Kilichofaa ni sindano ya ganzi kwenye mishipa ya fahamu ya juu ya jicho, kabla ya taa.

Madoa ya jua ambayo bado si saratani hayahitaji taa; mwanga wa mchana hutosha. Paka kinga ya jua isiyo na zinki wala titani (hizo huzuia mwanga unaotakiwa), halafu krimu ya MAL, na mgonjwa atoke nje ndani ya dakika 30, akae saa 2 mfululizo. Akichelewa, protopofirini hurundikana na uchungu huongezeka.