Nilivyojifunza Kusali Upya kwa Zaburi

Kwa miaka 12 nimekuwa mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Njombe, na kwa muda wote huo nimehesabiwa miongoni mwa watu wanaojua kuomba. Kwenye ibada ya jumuiya, mwenye nyumba alipotafuta mtu wa kufunga kwa sala, macho yalinigeukia mimi. Kwenye vikao vya wanawake nilipewa sehemu ya maombezi. Na shuleni ninakofundisha Jiografia, walimu wenzangu waliponisikia nikiwaombea wanafunzi wa kidato cha nne kabla ya mtihani wao wa Novemba, walisema kwamba Mungu amenipa kinywa. Sikuwa mnafiki. Nilimpenda Mungu na niliyamaanisha niliyoyasema, ila sikuwa nimetambua kwamba maneno yangu ya sala yalikuja nikiwa mbele za watu tu, na kwamba nikiwa peke yangu chumbani sikuzidisha dakika mbili za usiku, tena nikiwa nimekwisha kujifunika blanketi.

Mwezi Aprili mwaka 2022 mama yangu alipata kiharusi. Aliishi wiki saba baada ya hapo, tatu hospitalini na nne nyumbani kwangu, upande wake wa kulia ukiwa umepooza na ulimi wake ukiwa mzito kiasi kwamba jina langu alilitamka nusu. Jumuiya ilikuja karibu kila jioni, tukafunga siku tatu, na sehemu kubwa ya maombi hayo niliyaongoza mimi, nikimshukuru Mungu mapema kwa uponyaji ambao niliwaambia wote kwamba tumekwisha kuupokea. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, anaishi Dar es Salaam. Alituma fedha mara mbili na hakuja. Mama alifariki alfajiri ya Jumanne ya mwisho ya mwezi Mei nikiwa nimemshika mkono. Kaka alifika siku ya maziko na kuondoka kesho yake.

Baada ya hapo sikuweza kusali. Sikumkana Mungu, wala sikuacha kwenda kanisani, kwa sababu mzee wa kanisa akikosekana Jumapili moja watu huja kumjulia hali. Lakini nilipopiga magoti nyumbani nilijikuta nikianza na sentensi zile zile nilizozisema kando ya kitanda cha mama, na kila nilipofika kwenye maneno ya shukrani koo lilinikaba, kwa maana nilijua kwamba wote wawili, mimi na Mungu, tulikumbuka yaliyotokea baada ya maneno hayo.

Siku ya tatu baada ya maziko, kabla ya kuanua matanga, alikuja mwinjilisti mmoja mstaafu, mzee mwenye fimbo, ambaye zamani alimfundisha mama kipaimara. Wageni wengine walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba Mungu ampendaye humchukua, kwamba nisilie kama wasio na tumaini, kwamba mama sasa amepumzika. Naamini walisema kwa upendo, na mengine katika hayo ni kweli. Yeye alikaa kwenye mkeka, akaomba Biblia, akasoma Zaburi ya 88 yote, akafunga kitabu, akasema “Bwana awe nanyi”, akanywa chai yake na kuondoka. Zaburi hiyo haina faraja. Anayeomba ndani yake anamwambia Mungu kwamba amemlaza katika shimo la chini kabisa, na tofauti na nyimbo nyingine nyingi za maombolezo, haigeuki mwishoni kuwa sifa; katika Biblia yetu ya Kiswahili neno lake la mwisho ni “gizani”. Nilishangaa kwamba maneno ya namna hiyo yamo katika Neno la Mungu, na kwamba baada ya kuyasikia nililala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Wiki chache baadaye nilimfuata nyumbani kwake kumwuliza kwa nini aliichagua zaburi ile.

“Sikuichagua, mwanangu,” alinijibu. “Ndiyo niliyokuwa nimeifikia asubuhi ile.”

Akanieleza kwamba tangu ujana wake amesoma zaburi moja kila alfajiri, kwa sauti, kwa kufuata namba, na kwamba akimaliza ya 150 anarudi ya kwanza. Nilimwuliza kama ningeweza kuanza na zile zinazotia moyo. Alisema hapana, nianze na ya kwanza na nisiruke hata moja, kwa sababu mtu akichagua zaburi, hujichagua mwenyewe. Ushauri wake wote ulikuwa huo.

Nilianza tarehe 27 Juni. Wanaoijua Njombe wanajua baridi ya Juni na Julai, jinsi ukungu unavyolala juu ya mashamba ya viazi hadi saa mbili asubuhi na jinsi mtu anavyotamani kubaki kitandani. Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikawasha jiko la mkaa kwanza, nikakaa jikoni na Biblia ya mama magotini na daftari pembeni. Sababu ya kukaa jikoni ilikuwa ya kawaida kabisa: chumbani nilisinzia. Kusoma kwa sauti ndiko kulikonipa taabu zaidi, kwa kuwa niliona haya hata mbele ya sufuria, nikahofu watoto wangenisikia. Baadaye nilielewa kwa nini yule mzee alisisitiza jambo hilo. Macho yanaweza kupita juu ya mstari bila kuugusa, lakini kinywa kikisema “Ee Bwana, hata lini utanisahau?” sikio la mwenye kinywa linasikia nani anasema, na moyo hauwezi kujifanya kwamba anayelia ni Daudi peke yake.

Biblia ya mama ni ile ya Union Version, tafsiri ya mwaka 1952, na Kiswahili chake ni kizito kwa mtu wa leo. Niliweka pia Habari Njema, ambayo Biblia yake nzima ilitoka mwaka 1995, na mstari uliponishinda nilisoma kwanza huko halafu nikarudi kwenye ule wa mama. Sikuhama kabisa. Maneno kama “vilindini” na “hata lini” yana uzito ambao sikutaka kuupoteza, na pembeni mwa kurasa kulikuwa na alama ndogo za penseli ambazo mama alizitia kwa miaka mingi. Kando ya Zaburi ya 13 kulikuwa na alama tatu. Mama hakuwahi kuniambia ni katika usiku upi aliisoma mara hizo tatu.

Katika mwezi wa kwanza niligundua jambo ambalo utumishi wangu wote wa kanisani haukunionyesha. Nilidhani Zaburi ni kitabu cha sifa chenye huzuni kidogo hapa na pale, kwa sababu kanisani tunazirudia zile tunazozijua, ya 23, ya 100, ya 121, ya 150. Ukizisoma kwa kufuata namba unakutana na kilio karibu kila siku: ya 3 inalia, ya 5, ya 6, ya 7, ya 10, ya 12, ya 13. Zaidi ya theluthi moja ya kitabu kizima ni malalamiko na maombi ya mtu aliye katika dhiki. Na walioyakusanya maombi hayo kwa ajili ya ibada hawakuyaficha nyuma. Waliyatanguliza, na sifa zikaongezeka kadiri kitabu kinavyosonga, hadi zaburi tano za mwisho ambazo zote huanza na kumalizia kwa neno “Haleluya”. Martin Luther, katika utangulizi alioutoa mwaka 1528, alikiita kitabu hiki Biblia ndogo, nami naona alikuwa sahihi, kwa maana hakuna hali ya mwanadamu niliyoikosa humo.

Kwa hiyo sikubaliani tena na mafundisho, ambayo mimi mwenyewe niliyarudia kwa miaka, kwamba kulalamika mbele za Mungu ni upungufu wa imani na kwamba mwamini anapaswa kukiri ushindi tu. Bwana wetu alipokuwa msalabani alilia kwa maneno ya kwanza ya Zaburi ya 22, akimwuliza Mungu wake kwa nini amemwacha, na alipokata roho alikuwa na mstari wa Zaburi ya 31 kinywani, akiiweka roho yake mikononi mwa Baba. Ikiwa yeye katika saa ile alisali kwa maneno aliyorithishwa, tena maneno ya mtu aliyeachwa, sioni kwa nini mimi nilijiona nalazimika kutunga maneno ya ushindi kando ya kitanda cha mama yangu, ambaye macho yake, nikikumbuka sasa, yaliniomba nimlilie.

Sikuwa mwaminifu kila siku. Mwezi Septemba niliugua, na wakati wa kusahihisha mitihani nilipitisha hata siku nne bila kufungua kitabu. Mwanzoni nilipokosa nilisoma mbili au tatu siku iliyofuata ili kufidia, na hapo usomaji ukawa kama deni la duka. Niliacha kufanya hivyo. Nikikosa, naanzia nilipoishia, na tarehe zinasogea. Zaburi ya 119, yenye mistari 176, niliigawa kwa beti zake 22, ubeti mmoja kwa siku, na ile ya 117 yenye mistari miwili tu niliisoma mara nyingi kwa siku moja nikipika. Mzunguko wa kwanza uliisha Jumapili ya tarehe 19 Februari 2023, karibu miezi minane tangu nianze.

Zilizonitesa zaidi hazikuwa zile za huzuni, bali za hasira. Zaburi ya 55 inamlilia Mungu kwa sababu ya msaliti ambaye si adui bali ni mwenzangu, mtu niliyekwenda naye katika nyumba ya Mungu, na nilipofika hapo nililia kwa uchungu, nikaandika jina la kaka katika daftari. Sikuwa nimekiri kwa mtu yeyote, wala kwa Mungu, kwamba nilimchukia. Katika sala zangu za zamani nilimwombea “baraka huko aliko”, na nilijua kulitamka neno hilo vizuri. Nilipofika kwenye ya 109, ambayo inamtakia adui siku chache na watoto wake uyatima, nilisimama katikati. Nilimfikiria wifi yangu na watoto wake wawili, nikaona wazi umbali ambao hasira yangu ingenifikisha kama ningeiacha itembee. Sidhani maneno hayo yamewekwa ili tumwombee mtu mabaya. Nafikiri yamewekwa ili hasira iwe na mahali pa kupelekwa, mbele ya hakimu mwenye haki, isibaki mikononi mwetu wala isijifiche chini ya baraka za mdomoni. Siku ile sala yangu ya kwanza ya kweli kumhusu kaka ilikuwa fupi: “Bwana, nimemchukia. Mchukue, maana mimi siwezi kumbeba.” Haikuisha hapo, jina lake liko katika daftari mara 31.

Kwenye jumuiya walianza kuona tofauti, na si wote walioipenda. Sala zangu zilifupika. Mama mmoja aliniuliza kwa upole kama nimepoa kiroho, nikamjibu kwamba sijui kupoa ni nini, ila siwezi tena kumwambia Mungu jambo ambalo sijalisikia mwenyewe moyoni. Mwezi Desemba tulipokwenda kwa jirani aliyefiwa na mtoto, watu walinigeukia kama zamani. Nilifungua zaburi ya asubuhi ile, nikaisoma polepole, nikakaa. Yule mama wa mtoto alisogea akaegemeza kichwa begani kwangu, na tulikaa hivyo hadi chai ilipoletwa.

Jumatatu ya Pasaka mwaka 2023 kaka alikuja kulijengea kaburi la mama. Fundi alipomaliza kusawazisha saruji na kwenda kunawa, tulibaki wawili, na baada ya kimya kirefu kaka akaniambia, “Dada, tuombee.” Niliogopa, kwa sababu nilikuwa katika mzunguko wa pili na zaburi ya siku ile ilikuwa ya 45, ambayo ni wimbo wa harusi ya mfalme. Nilifikiria kugeuza kurasa hadi ya 90, inayosomwa makaburini, kisha nikakumbuka niliyoambiwa kuhusu kuchagua. Nikasoma ya 45 kuanzia mwanzo, sifa za bwana harusi, manukato ya mavazi yake, mpaka mahali ambapo bibi harusi anaambiwa asikie, atege sikio lake, awasahau watu wake na nyumba ya baba yake.

“Rudia hapo,” kaka alisema.

Nilirudia. Akaniambia jambo ambalo sikulijua, kwa kuwa nilizaliwa miaka tisa baada yake: kwamba alipokuwa mdogo mama alikuwa akisimama jioni upande wa nyuma wa nyumba, akitazama kuelekea Makete, kwao, na kwamba yeye alimshika kitenge akidhani ataondoka. Alisema alipopata habari za kiharusi alikata tiketi ya basi mara mbili, na mara zote mbili akarudi nyumbani kutoka kituoni, kwa sababu hakuweza kumwona mama akiwa hawezi kusimama. Sikumjibu. Nilimpa Biblia, nikamwonyesha mstari tulipoishia, naye akaendelea kusoma kwa sauti, akikwama kwenye maneno ya zamani, hadi mwisho.