Amri Iliyopitwa na Wakati

Riwaya ninayoiandika hapa Arusha ni ya vita vya angani, na wasomaji ninaowakusudia ni vijana wa kidato cha tano na cha sita, ambao baada ya mitihani huenda wakaitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, wakapangwa mistari alfajiri na kuzoea kusema "afande" kabla ya jambo lingine lolote. Kijana wa aina hiyo hahitaji kuelezwa kwata ni nini. Kwa hiyo sura za mafunzo nimezifupisha, ingawa vitabu vingi vya aina hii huzirefusha mpaka msomaji naye akachoka kama kuruta.

Mhusika mkuu ni luteni usu wa kike mwenye miaka 19, anayeongoza chombo kidogo cha doria karibu na Mars. Umri huo nimeuchagua kwa makusudi. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inazitaka nchi zichukue kila hatua inayowezekana kuhakikisha kwamba askari wao walio chini ya miaka 18 hawashiriki moja kwa moja katika mapigano, nami sioni sababu ya kuzirudisha nyuma karne zijazo ili tu shujaa awe rika moja na msomaji.

Kisa chenyewe kimejengwa juu ya umbali. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini kati ya Dunia na Mars huchukua dakika 3 hivi sayari hizo zinapokaribiana, na dakika 22 hivi zinapokuwa mbali kabisa. Kwa hiyo makao makuu huona vita vilivyokwisha kutokea, na amri yao hufika ikiwa imechelewa tena muda ule ule. Katika riwaya yangu, amri ya kufyatua makombora inatumwa wakati chombo cha adui kinashambulia; ikiwa bado njiani, adui anasalimu amri. Ilipotolewa ilikuwa halali. Ilipofika, kuitekeleza ni kumuua mtu aliyekwisha kujisalimisha.

Hapo ndipo mji huu unapoingia kitabuni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ilifanya kazi zake hapa Arusha hadi mwisho wa 2015, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Sheria iliyoiunda ilisema wazi kwamba kutekeleza amri ya mkubwa hakumwondolei mtu hatia, ila kunaweza kumpunguzia adhabu. Sitaki kuyafanya mauaji yale kuwa pambo la hadithi, na hayatajwi popote katika riwaya; nimechukua kanuni hiyo tu, nikamkabidhi msichana ambaye hana mkubwa wa kumuuliza kwa wakati.

Luteni anakataa kufyatua, na kwa kukataa amri vitani anashtakiwa. Shahidi mkuu dhidi yake ni sajenti wake, askari mzoefu ambaye sikumfanya mkatili wala mjinga. Angani hakuna hewa ya kukipunguzia chombo mwendo: kinachotaka kusimama hugeuza mkia kuelekea kule kinakokwenda, kisha huwasha injini, na moto wake huelekea moja kwa moja kwa wanaokisubiri. Sajenti aliuona moto huo ukiwaelekea. Adui aliyejisalimisha na adui anayetaka kuwaunguza wangeonekana vile vile kwenye vipimo vyake, na swali ambalo mwendesha mashtaka anamuuliza luteni, ambalo bado sijamwandikia jibu, ni kwamba aliwatofautishaje.