Rufaa peke yake haimzuii dalali

Ukikaa kwenye yale mabenchi ya nje ya mahakama hapa Moshi utamsikia tu mtu aliyeshindwa kesi anamwambia mwenzake usiwe na wasi, si tumeshakata rufaa, hawatugusi mpaka iishe. Kauli hii inaniumiza sana maana siyo kweli na kuna watu wametolewa kwenye nyumba zao huku wanaiamini. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, Amri ya 39 kanuni ya 5 inasema wazi kwamba kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Aliyeshinda anaweza kesho yake akaomba kukazia hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu, na dalali wa mahakama (anayetumwa kutoa watu au kukamata mali) akapewa kazi, rufaa yako ikiwa bado inasubiri kupangiwa jaji.

Kwetu hili limetugusa kupitia mama mkubwa. Alishindwa kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, kwenye baraza la ardhi la wilaya, akaambiwa aondoke, avunje na alipe gharama za kesi, na rufaa ikafunguliwa Mahakama Kuu ndani ya zile siku 45 za kesi zinazotoka baraza la wilaya. Baba wadogo wote wakatulia wakijua mambo yamekaa sawa. Halafu notisi ya dalali ikabandikwa mlangoni. Ndio watu wakaanza kupigiana simu usiku, huyu anasema tumuone mwenyekiti wa kijiji, yule anasema twende polisi, wakati kilichokuwa kinatakiwa ni maombi ya zuio, yaani kuiomba mahakama isimamishe utekelezaji mpaka rufaa isikilizwe, na hayo ni maombi mengine kabisa yenye kiapo chake (maelezo yako ya maandishi uliyoyaapia), unayafungua mwenyewe bila kusubiri mtu akukumbushe.

Sasa mahakama inaangalia nini. Kanuni ile inataka mambo matatu: uonyeshe utapata hasara kubwa zuio lisipotolewa, uwe umekuja bila kuchelewa pasipo sababu, na uwe tayari kuweka dhamana ili rufaa ikishindikana aliyekushinda asibaki mikono mitupu. Watu wengi kwenye kiapo wanaandika tu "nitapata hasara kubwa" basi wameishia hapo, na hiyo haitoshi hata kidogo, hasara lazima ielezwe. Kihamba cha mama mkubwa kina migomba na kahawa alivyovikuta kwa wakwe zake, kina nyumba anayolala, na kina makaburi ya mume wake na ya wazee. Pesa ikilipwa kimakosa inaweza kurudishwa, lakini kihamba kikishafyekwa na nyumba ikaangushwa, hata akishinda rufaa atarudishiwa nini? Hilo ndilo lilitakiwa liandikwe kwenye kiapo na wakili aliliandika vizuri, kila kitu kwa jina lake, na picha zikaambatanishwa.

Ila kama hukumu inayokudai ni ya pesa tupu jua kazi ni ngumu zaidi, maana jaji atakuuliza kwa nini hiyo pesa isilipwe ikaja kurudishwa baadaye, inabidi uonyeshe kwa mfano kwamba mwenzako hana uwezo wa kurudisha au kwamba gari lako la kazi likiuzwa ndio biashara imekufa.

Kwenye dhamana ndipo familia zinagombana. Kihamba chenyewe hakina hati, wengi wetu huku mlimani tunaishi kwa mipaka ya masale (mimea ya kuweka mpaka) na ushahidi wa wazee, kwa hiyo ikabidi mjomba aliyeko Arusha akubali hati ya kiwanja chake itumike, na kumshawishi mkewe haikuwa kazi ndogo (na mimi simlaumu, ni jasho lao). Wengine wanatumia dhamana ya benki. Cha kujua ni kwamba siyo lazima uwe umeshaikabidhi siku unayoomba, Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye shauri la Mantrac Tanzania dhidi ya Raymond Costa kwamba ahadi ya dhati ya kuweka dhamana inaweza kutosha, kisha mahakama inakupa muda wa kuitimiza. Usipotimiza kwenye huo muda umejirudisha mwenyewe kwa dalali.

Na unaomba wapi? Kama muda wa kukata rufaa bado haujaisha unaweza kuomba kwenye mahakama ileile iliyotoa hukumu, ukishakata unaomba kule rufaa iliko. Waliotoka Mahakama Kuu kwenda Rufani wawe makini zaidi, maana ukishaweka notisi ya rufaa, ambayo ina siku 30 tangu hukumu, Mahakama Kuu haina tena mamlaka ya kukupa zuio, unaenda Mahakama ya Rufani yenyewe chini ya kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, na tangu marekebisho ya 2017 una siku 14 tu kuanzia ulipopewa notisi ya utekelezaji au ulipojua kwa njia nyingine kwamba utekelezaji unakuja. Siku 14! Na unatakiwa uambatanishe notisi ya rufaa, hukumu, tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu) na hiyo notisi ya utekelezaji. Kwa hiyo barua ya kuomba nakala iandikwe mapema kabisa na ubaki na kopi yenye mhuri wa kupokelewa.

Kuna jingine watu wananiuliza, eti nyumba ya kuishi haiwezi kukamatwa. Ni kweli sheria inalinda nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake isikamatwe kuuzwa kwa deni la hukumu, pamoja na vyombo vya kupikia, vitanda na zana za kazi, lakini ukiwa umegombania nyumba hiyohiyo au kiwanja hichohicho mahakamani ukashindwa, kinga hiyo haikusaidii, unatolewa.

Sisemi kila anayeshindwa apewe zuio. Aliyeshinda naye ametumia miaka na nauli, ana haki ya kula matunda ya hukumu yake, na wapo wanaokata rufaa ili kuchelewesha tu, hao naona dhamana inawafaa kabisa. Lakini mjane ambaye rufaa yake ina hoja asiondolewe kwa sababu hakuna aliyemwambia kuna maombi mengine ya kufungua.

Mama mkubwa kapewa zuio kwa sharti la hati kukabidhiwa mahakamani na imeshakabidhiwa, rufaa inasubiri tarehe. Kama kwenu kuna notisi ya dalali imebandikwa andikeni tarehe mliyoiona, kesho asubuhi mwone wakili, na kama hela hakuna tafuteni watoa msaada wa kisheria, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, nendeni na hukumu yenyewe mkononi msiende kusimulia tu. Dalali akishamaliza kazi yake mahakama haina tena cha kusimamisha, hapo unabaki na rufaa na kudai kurudishiwa baadaye.