Siku moja na askari wa wanyamapori wa kijiji, Simanjiro

Nikimwambia mtu wa mjini kazi yangu anajua nashinda nakimbizana na majangili, au eti nafukuza wafugaji wasisogelee wanyama. Huku kwetu Simanjiro hakuna uzio kati ya ng'ombe na simba. Mvua zikinyesha nyumbu na pundamilia wanatoka Hifadhi ya Tarangire wanakuja kuzaa kwenye tambarare za vijiji, simba nao wanafuata nyuma, kwa hiyo kazi yangu asilimia kubwa ni kuongea na watu. Hii ni siku moja ya mwezi wa pili.

Saa 11 alfajiri naamka, chai, nacheki mafuta ya pikipiki na chaji ya simu, natoka.

Saa 12 na nusu niko tambarare na mwenzangu. Nyumbu wamejaa na ndama wao wa rangi ya mchanga. Tunapita alalili, yaani eneo la majani tulilofunga kwa ajili ya kiangazi, tunapima majani kwa fimbo, tunaandika wapi yamesimama na wapi udongo uko wazi, halmashauri ya kijiji itatumia hizo namba kuamua lini tufungue. Tunakutana na madogo wawili na ng'ombe wao, wanawageuza wenyewe hata hatujasema kitu. Sababu ni kwamba ndama wa nyumbu hata awe mzima kabisa anatoa virusi puani na machoni, ng'ombe akila majani walipopita hao ndama anashikwa na homa, macho yanavimba, na akishaugua karibu kila mara anakufa, dawa hakuna. Kwa hiyo mfugaji anaacha majani matamu kuliko yote ya mwaka, yenye madini ya fosforasi ambayo nyumbu anayenyonyesha ndiyo anayafuata, anapeleka mifugo yake vilimani kwenye majani ya hovyo. Tarangire imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1970 lakini inalinda zaidi mto na kile wanyama wanachohitaji kiangazi, masika wanalelewa na ardhi ya vijiji. Anayesema wafugaji hawajui uhifadhi aje mwezi wa pili aone nani anampisha nani.

Saa 2 kasoro simu inaita. Ng'ombe kaliwa, njoo haraka, vijana wameshachukua mikuki.

Nafika nakuta ng'ombe wa maziwa wa yeyo mmoja, yaani mama wa Kimaasai, amelala nje ya boma, miiba ya uzio imetawanyika pale alipotokea akikimbia. Nachuchumaa naangalia. Mikwaruzo mirefu begani, matundu ya meno kooni, nyayo pana hazina alama ya kucha. Angekuwa fisi kucha zingeonekana kwenye vumbi na angeanza kula nyuma. Huyu ni simba. Napiga picha, nachukua alama za eneo, najaza fomu ya kifuta jasho, yaani pesa ya serikali kwa aliyeliwa mifugo na wanyamapori, halafu napiga simu aje mtu wa kuthibitisha maana tumeambiwa mzoga usiguswe mpaka aone. Ananijibu niko njiani.

Hapo ndipo siku ilipokwama. Tulikata matawi ya miiba tukamfunika ng'ombe ili tai wasishuke, tukakaa chini ya mgunga, jua likapanda, mvua za vuli zimeshakata na za masika bado, joto lile mnalijua. Shemeji yake yule yeyo alikuwa anazunguka zunguka na mfuko wa koti umetuna, kila mtu pale alijua kuna chupa ya dawa ya mazao mle. Kila baada ya muda anarudi kwangu, "Kijana, wanyama wenu wamekula. Watalii wanawalipa nyie, sisi tunalipwa na nani?" Namwambia mzee, hata mimi ng'ombe wangu wako kwenye boma kama lako. Anaondoka, anarudi, wanyama wenu. Na hapo kifuta jasho chenyewe hakifikii bei ya ng'ombe mnadani na hakiji leo wala mwezi ujao, sasa utamwambia nini mtu aliyekamua yule ng'ombe jana jioni?

Nilichomwambia ni kuhusu hiyo chupa. Ukiweka sumu kwenye mzoga simba anaweza asirudi kabisa, lakini tai watakuja, fisi atakuja, mbwa wa boma watakuja, na watoto wanachunga hapo hapo. Tai mgongo mweupe wako hatarini kutoweka na sumu ya mizoga ni moja ya vitu vinavyowamaliza, na ndio wanaotusafishia mizoga huku. Hakunijibu. Nikipiga simu, niko njiani. Saa 6 niko njiani, saa 8 simu haipatikani, maji yangu yameisha, mzoga umeanza kuvimba, na siwezi hata kwenda haja mbali kwa sababu nikigeuka tu chupa inafunguliwa.

Gari lilifika jioni jioni. Jamaa akashuka, akaangalia, akasaini, akaondoka, hata dakika kumi hakumaliza.

Tukakusanya kuni, vijana wale wale wa mikuki walinisaidia sana, tukachoma mzoga usibaki hata kipande cha kuwekea kitu. Shemeji aliondoka na chupa yake, hakunipa na sikumlazimisha. Yeyo aliniletea maziwa, sikuwa na la kusema zaidi ya ashe oleng, asante sana.

Kabla giza halijaingia nilikaa na mzee wa boma tukaongelea uzio. Miiba mikavu simba haimtishi, na ng'ombe wakisikia harufu yake wanavunja wenyewe wanatoka, ndivyo ilivyokuwa usiku ule. Tunataka waya wa cheni linki na nguzo za miti mibichi, ile ukichomeka tawi linachipua, miaka inavyokwenda uzio unazidi kuwa mnene badala ya kuoza. Mzee amekubali boma lake litoe nguzo na watu wa kuchimba, waya tutauomba. Nimefika nyumbani saa 4 usiku mgongo umekufa na fomu bado hazijaisha kujazwa. Kesho saa 1 asubuhi tunaanza kukata miti, na huyo shemeji nimempigia mwenyewe kumwomba aje.